Kutoka kwa Ssenga hadi Duka la Dawa: Historia ya Elimu ya Tembe za Dharura za Kuzuia Mimba katika Shule za Sekondari nchini Uganda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna maarifa ya tembe za dharura za kuzuia mimba yalivyokosa nafasi katika shule za sekondari nchini Uganda. Hoja kuu ni kwamba hali hiyo haikutokana na marufuku ya mwaka 2016 peke yake. Ilitokana na historia ndefu zaidi: shule ilichukua nafasi ya ssenga bila kuchukua wajibu wake wote, na tembe zenyewe zilifika wakati elimu ya ujinsia shuleni ilikuwa imekwisha kugeuzwa kuwa elimu ya kujikinga na UKIMWI. Makala yanaonyesha kwamba katika suala hili kimya kina gharama ya pekee, kwa kuwa tembe hizi hufanya kazi ndani ya muda mfupi sana. Mifano kutoka Kenya na Rwanda imetumika kwa ulinganisho.

1.0 Utangulizi

Maarifa mengi yanayofundishwa shuleni yanaweza kusubiri. Mwanafunzi asiyeelewa mada ya hesabu muhula huu anaweza kuirudia muhula ujao. Maarifa ya tembe za dharura za kuzuia mimba hayana subira hiyo. Tembe ya levonojestreli, ambayo ndiyo inayotumika zaidi katika ukanda wetu, hupendekezwa imezwe mapema iwezekanavyo, na hasa ndani ya saa 72 baada ya tendo la ndoa lisilo na kinga. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1998, tembe hiyo ilizuia takribani asilimia 95 ya mimba zilizotarajiwa pale ilipomezwa ndani ya saa 24, asilimia 85 ilipomezwa kati ya saa 25 na 48, na asilimia 58 ilipomezwa kati ya saa 49 na 72. Kila siku inayopita hupunguza uwezekano wa kufaulu.

Tuchukue hali ya msichana wa shule ya bweni aliyefanyiwa ukatili siku ya Ijumaa jioni. Ili apate msaada kabla ya Jumatatu jioni, inampasa awe tayari anajua mambo manne: kwamba dawa ipo, kwamba ina muda maalumu, kwamba inapatikana wapi, na kwamba yupo mtu mzima shuleni anayeweza kumwendea bila kuadhibiwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kufundishwa kwa utulivu Jumamosi asubuhi. Elimu hii ama imetangulia tukio au imechelewa.

Kwa sababu hiyo, swali la makala haya ni la kihistoria kabla ya kuwa la kisera. Maarifa haya yalipita wapi hata yasilifikie darasa? Uganda imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mjadala wake kuhusu elimu ya ujinsia umeacha maamuzi ya wazi ya Bunge, Wizara na Mahakama. Pili, takwimu zake zinadai maelezo. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za demografia na afya, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokuwa wamezaa au kupata mimba walikuwa asilimia 25 mwaka 2006, asilimia 24 mwaka 2011, asilimia 25 mwaka 2016 na asilimia 24 mwaka 2022. Katika miaka hiyo 16 sera nyingi ziliandikwa, lakini kiwango hicho kilibaki karibu palepale.

2.0 Ssenga na mipaka ya malezi ya jadi

Katika Buganda, mafunzo ya msichana kuhusu mwili wake yalikuwa jukumu la ssenga, yaani shangazi, dada wa baba. Ssenga alimweleza binti mabadiliko ya balehe, usafi, adabu mbele ya wakwe na matarajio ya ndoa. Msomaji wa pwani atatambua hapa sura ya somo na kungwi. Tofauti ni kwamba ssenga alikuwa ndugu wa damu aliyewajibika kwa ukoo, si mtaalamu wa unyago aliyealikwa.

Ni rahisi kuyapamba malezi hayo kuliko yalivyokuwa. Lengo la ssenga lilikuwa ndoa. Hakumwandaa binti kuamua mwenyewe kuhusu uzazi wake, na mwanazuoni Sylvia Tamale ameonyesha katika kazi zake kwamba taasisi hiyo ilibeba kwa pamoja utiifu kwa mume na maarifa yaliyompa mwanamke nguvu. Hata hivyo, ssenga alikuwa na sifa moja ambayo taasisi zilizomfuata hazikuirithi: alifikika. Binti alijua ni nani wa kuulizwa, na swali lenyewe halikuwa kosa.

3.0 Shule ya bweni na lugha ya ugonjwa

Shule ya wasichana ya Gayaza ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1905. Shule za namna hiyo zilimfungulia msichana mlango wa kusoma na, baadaye, wa taaluma. Wakati huohuo zilimwondoa nyumbani katika miaka ileile ambayo ssenga alipaswa kumfundisha. Mahali pa shangazi pakachukuliwa na matroni na, katika miongo ya karibuni, na mwalimu mwanamke anayeteuliwa kuwa mlezi wa wasichana. Hawa walirithi kazi ya kulinda na kukagua. Kazi ya kueleza ilirithiwa nusunusu.

Dola ya kikoloni, kwa upande wake, iliingia katika suala la ujinsia kupitia mlango wa ugonjwa. Mwaka 1908 daktari wa kijeshi F. J. Lambkin alitoa taarifa ya kutisha kuhusu kuenea kwa kaswende nchini Uganda, ambayo makadirio yake yalitiliwa shaka na watafiti wa baadaye. Kampeni zilizofuata ziliunganisha tiba na mahubiri ya maadili. Kuanzia hapo serikali ilizoea kuzungumza na vijana kuhusu miili yao pale tu palipokuwa na hatari ya maradhi.

Chama cha uzazi wa mpango cha Uganda kilianzishwa mwaka 1957. Kama vyama vingine vya aina yake katika ukanda huu, katika miaka yake ya mwanzo kiliwalenga zaidi wanawake walioolewa, na lugha yake ilikuwa ya kupanga nafasi kati ya mtoto na mtoto. Mwanafunzi wa sekondari, ambaye hakuwa mke wala mgonjwa, hakuwa na mahali pake katika lugha hizo mbili.

4.0 Nyakati mbili zilizopishana

Historia ya tembe zenyewe ni fupi. Mwaka 1974 daktari Albert Yuzpe wa Kanada na wenzake walichapisha matokeo ya kutumia mchanganyiko wa homoni mbili baada ya tendo. Mwaka 1995 mashirika kadhaa ya kimataifa yaliunda muungano wa kueneza njia za dharura, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi 4 za mwanzo zilizochaguliwa kuzipokea, pamoja na Indonesia, Mexico na Sri Lanka. Utafiti wa mwaka 1998 uliotajwa hapo juu ulithibitisha kwamba levonojestreli peke yake inafaa zaidi: mimba zilitokea kwa asilimia 1.1 ya waliotumia levonojestreli, zikilinganishwa na asilimia 3.2 ya waliotumia mchanganyiko wa Yuzpe. Aidha, kichefuchefu na kutapika vilipungua. Kwa hiyo, kufikia mwisho wa miaka ya 1990 palikuwa na dawa rahisi, salama na inayoeleweka.

Lakini katika miaka hiyohiyo shule za Uganda zilikuwa zikikabiliana na jambo jingine. Serikali ilianzisha mpango wa kudhibiti UKIMWI mwaka 1986, na mwaka uliofuata ukaanza mpango wa elimu ya afya shuleni. Mwaka 1993 lilianza gazeti la vijana la Straight Talk, lililosambazwa mashuleni na kujibu barua za wanafunzi kwa lugha ya wazi. Kwa muda, gazeti hilo lilirejesha sifa ya ssenga: kijana aliuliza, akajibiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Rais Yoweri Museveni alianzisha mpango wa mawasiliano na vijana kuhusu UKIMWI uliojulikana kwa kifupi chake, PIASCY. Mpango huo ulileta vitabu vya walimu, mikutano ya wanafunzi na vibao vya mawaidha vilivyosimikwa katika viwanja vya shule. Ujumbe wake mkuu ulikuwa kujizuia hadi ndoa.

Fedha kutoka nje ziliukaza mwelekeo huo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 iliyoanzisha mfuko wa dharura wa UKIMWI ilitaka theluthi moja ya fedha za kinga itumike katika programu za kujizuia hadi ndoa. Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi 15 zilizopewa kipaumbele.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Tembe ya dharura haizuii Virusi vya UKIMWI. Katika mtaala ambao swali lake pekee lilikuwa namna ya kuepuka virusi, tembe hiyo haikuwa jibu la swali lolote. Zaidi ya hayo, inahusu kilichokwisha kutokea, ilhali elimu ya kujizuia hudhani kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo haikuhitaji kupigwa marufuku ili ikosekane. Ilikosekana kwa sababu umbo la mtaala halikuwa na nafasi yake. Somo la baiolojia lilimweleza mwanafunzi kupevuka kwa yai na kutungwa kwa mimba, na somo la dini likamweleza usafi wa moyo. Kati ya masomo hayo mawili palibaki pengo la saa 72.

Sheria nayo iliongeza uzito. Mwaka 1990 Uganda ilipandisha umri unaolindwa katika kosa la kunajisi kutoka miaka 14 hadi 18. Lengo lilikuwa jema, yaani kumlinda msichana dhidi ya watu wazima. Hata hivyo, tokeo moja ambalo halikukusudiwa ni hofu ya mwalimu. Kumfundisha msichana wa miaka 16 kuhusu tembe ya dharura kungeweza kuonekana kuwa kukiri, au hata kuruhusu, jambo ambalo sheria inaliita jinai.

5.0 Kutoka kimya hadi marufuku, 2013–2021

Mwezi Desemba 2013, mawaziri wa elimu na afya wa nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika walikutana Cape Town na kuahidi kuwapatia vijana elimu ya ujinsia iliyo kamili pamoja na huduma za afya ya uzazi. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi hizo. Ahadi hiyo ilifanya jambo ambalo kimya cha awali hakikuwa kimelifanya: iliwapa wapinzani kitu cha kupinga. Mwezi Agosti 2016 Bunge la Uganda lilipitisha azimio dhidi ya elimu hiyo, na mwezi Oktoba Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ikaipiga marufuku ndani na nje ya shule.

Mwezi Mei 2018 Wizara ya Elimu na Michezo ilizindua Mwongozo wa Kitaifa wa Elimu ya Ujinsia uliojengwa juu ya maadili ya dini na kujizuia. Hata mwongozo huo wa tahadhari ulipingwa na baadhi ya viongozi wa dini. Kisha, mwezi Novemba 2021, Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali ilikuwa imeshindwa kutimiza wajibu wake kwa kutokuwa na sera ya elimu kamili ya ujinsia, ikaagiza sera hiyo iandaliwe ndani ya miaka 2.

Uamuzi huo ulitolewa wakati shule zikiwa bado zimefungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Zilikuwa zimefungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Ongezeko la mimba za wasichana katika kipindi hicho lilizungumzwa sana nchini. Mwishoni mwa mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilitoa miongozo iliyorekebishwa iliyomruhusu msichana kurejea shuleni baada ya kujifungua. Hatua hiyo inastahili sifa. Lakini mtu akiisoma sambamba na kimya kuhusu tembe za dharura, ataona mpangilio wa ajabu: dola imeandika kwa kina namna ya kumpokea msichana baada ya miezi 9, lakini haijamwambia la kufanya katika siku 3 za mwanzo.

Rwanda inatoa ulinganisho wenye mafunzo. Mtaala wake wa umahiri ulioanza mwaka 2016 uliingiza elimu ya ujinsia kama mada mtambuka katika masomo mbalimbali. Hata hivyo, sheria ya afya ya uzazi ya mwaka huohuo ilimpa haki ya kuamua mtu aliyefikia utu uzima, yaani miaka 18. Pendekezo la kushusha umri huo hadi miaka 15 lilikataliwa na Bunge mwaka 2022, kisha mwaka 2025 Bunge likapitisha sheria inayowafungulia huduma hizo vijana wa miaka 15. Kwa karibu mwongo mzima, basi, mwanafunzi wa Rwanda aliweza kufundishwa kuhusu huduma ambayo hakuruhusiwa kuitafuta bila idhini ya mzazi. Funzo lake ni kwamba darasa na zahanati visipokwenda pamoja, kimoja hukibatilisha kingine.

6.0 Mwalimu aliyejitokeza: duka la dawa

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika suala hili ulimwengu umechukua sura ya duka la dawa. Mijini, kuanzia Kampala hadi Nairobi, tembe hizi hununuliwa dukani bila maelezo marefu. Nchini Kenya zimepata jina la mitaani, P2, lililotokana na jina la biashara la Postinor-2. Jina hilo linajulikana hata kwa vijana ambao hawajawahi kusikia maneno "njia ya dharura ya kuzuia mimba".

Duka la dawa linauza, halifundishi. Maarifa yanayosafiri kwa njia hiyo hufika yakiwa yamepotoka, na makosa manne hujirudia. La kwanza ni la muda: jina la Kiingereza linaloihusisha dawa na asubuhi ya pili huwafanya wengine wadhani kwamba ni lazima wasubiri kuche, au kwamba asubuhi hiyo ikipita nafasi imekwisha. La pili ni kuigeuza dawa ya dharura kuwa njia ya kawaida ya kila mara, ilhali njia za kudumu zaidi huzuia mimba kwa uhakika mkubwa kuliko hiyo. La tatu ni kudhani kwamba inakinga magonjwa ya zinaa. La nne ni kuichanganya na dawa za kutoa mimba.

Kosa la nne ndilo lililozua hofu kubwa zaidi miongoni mwa wazazi na viongozi wa dini, na kwa hiyo linahitaji kusemwa wazi. Levonojestreli hufanya kazi kwa kuzuia au kuchelewesha kupevuka kwa yai. Mimba ikiwa imekwisha kutungwa na kujishikiza, tembe hii haiitoi wala haimdhuru mtoto aliye tumboni. Tofauti hii inaweza kuelezwa na mwalimu wa baiolojia kwa kutumia kielelezo kilekile cha mzunguko wa hedhi ambacho tayari anakichora ubaoni.

Suala la istilahi linatuhusu moja kwa moja sisi wanazuoni wa Kiswahili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lugha inapoingia shuleni huingia na msamiati wake wa mwili. "Tembe za dharura" ni istilahi bora kuliko tafsiri yoyote ya jina la asubuhi, kwa sababu inabeba mambo mawili ambayo mwanafunzi anapaswa kuyakumbuka: kwamba ni za haraka, na kwamba si za kila siku.

7.0 Hoja za wapinzani

Haitoshi kuwaita wanaopinga elimu hii wapinga maendeleo. Wazazi wengi wanahofu kwamba kumweleza kijana namna ya kuepuka matokeo ni kumwalika atende. Wengine wanauliza, kwa haki, kwa nini mitaala iamuliwe na mikutano iliyofanyika mbali na vijiji vyao na kwa fedha za wageni. Swali hili la pili lina uzito wa kihistoria. Kama tulivyoona, fedha za nje ziliunga mkono elimu ya kujizuia mwaka 2003, kisha mashirika ya kimataifa yakaunga mkono elimu kamili ya ujinsia katika mwongo uliofuata. Katika awamu zote mbili mzazi wa Masaka au Gulu hakuwa wa kwanza kuulizwa.

Hata hivyo, historia hiyohiyo haiipi nguvu hoja kwamba kimya hulinda. Kimya kuhusu njia hii kimekuwapo tangu tembe zilipofika, na idadi ya wasichana wanaopata mimba imebaki karibu robo ya wasichana wote wa rika lao. Aidha, hoja ya kumwalika kijana atende haimhusu kabisa msichana aliyelazimishwa. Kwake yeye elimu hii si ruhusa ya jambo lolote. Ni sehemu ya huduma ya kwanza, pamoja na dawa za kinga dhidi ya Virusi vya UKIMWI, ambazo nazo zina ukomo wa saa 72. Kulingana kwa muda huo kunaipa shule mahali pa kuanzia ambapo mzazi, askofu, shehe na daktari wanaweza kukubaliana.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Tumeona kwamba maarifa ya tembe za dharura yalipotelea njiani kati ya taasisi tatu: ssenga aliyeondolewa, shule iliyozungumza lugha ya ugonjwa, na duka lisilo na mwalimu. Marufuku ya mwaka 2016 yalirasimisha pengo lililokuwapo tayari. Kwa sababu hiyo, kuondoa marufuku peke yake hakutaliziba.

Kutokana na historia hiyo, makala yanapendekeza mambo matatu kwa watunga sera. Kwanza, elimu hii iwekwe ndani ya mada mbili zilizopo, yaani uzazi katika baiolojia na usalama wa mwanafunzi katika malezi, badala ya kusubiri somo jipya litakaloibua mgogoro mpya. Pili, mwalimu mlezi wa wasichana apewe mafunzo na kinga ya kisheria, ajue kituo cha afya kilicho karibu, na awe na mamlaka ya kumtoa mwanafunzi bwenini usiku au mwisho wa wiki bila kusubiri kibali cha Jumatatu. Wajibu wake wa kutoa taarifa ya ukatili ubaki palepale, lakini usitangulie tiba. Tatu, wazazi washirikishwe tangu uandishi wa vitabu, si wakati wa uzinduzi wake.

Nafasi ya ssenga haijafa katika fikra za watu. Magazeti na redio za Uganda zinalitumia jina lake, na gazeti la Taifa Leo la Kenya lina safu ya Shangazi inayojibu maswali ya wasomaji. Jamii zetu, basi, bado zinakubali kwamba kijana anahitaji mtu wa kumuuliza. Kinachobaki ni kuamua kama mtu huyo atakuwapo pia ndani ya uzio wa shule, na kama atafikika kabla saa 72 hazijaisha.